Nguvu Yangu Imelala Wiki Nzima Kwenye Uzi

Mama Kamau, mdogo wangu,

Mnaendeleaje na baridi ya Kinangop? Mimi hapa Ruiru kwa binti yangu Wangari nakula mananasi ya Thika mpaka ulimi unawasha.

Wangari alipoanza masomo ulicheka ukasema, "Ati chuo kikuu, kusomea masizi!" Sasa sikia. Wangari ametengeneza uzi mweusi kwa mirija ya kaboni, ndugu yake masizi, myembamba hata jicho haliioni. Siku niliyofika alinipeleka kwenye maabara ya chuo chao Thika, nikazungusha mpini wa mashine yake, nikausokota uzi ukakaza kabisa, akaufunga kwa pini. Alikuwa amewaahidi walimu wake kwamba nguvu yangu itakaa humo wiki nzima bila kupotea. Ikipotea, anaanza kazi upya.

Leo wiki imetimia, tumerudi. Walimu wamejaa, Wangari akaniambia, "Mami, toa pini." Nikatoa. Wee! Uzi ukajisokotoa, gurudumu lililofungwa kwenye uzi likazunguka, na kufuli zima la mlango walilolining'iniza hapo kwa kamba likapanda juu! Mwalimu mmoja akauliza ni nani aliyeusokota. Nikainua mkono: "Ni huu uliochimba viazi vya karo yake."

Wakapiga makofi, Mama Kamau. Mimi nilipigiwa makofi chuoni!

Wangari ameniomba nimsokotee mwingine kabla sijarudi, na huo hautatolewa pini. Anasema akinikumbuka atakuwa anaugusa, aone kama bado umekaza.

Mungu akulinde na watoto, na usisugue masizi ya sufuria mpaka nije kuyasalimia.

Dada yako,
Mama Wangari