Mama Kasema Nisali Mimi

Tobi, soma hii sasa hivi.

Mama kazidiwa. Jumuiya ya kanisani imejaa ndani kumwombea. Akawanyamazisha: "Asali Erasmo. Ninyi Mungu kashawazoea."

Mimi! Niliyemfokea katekista kanisa lilipokataa kumzika baba, eti hakuhudhuria jumuiya! Ninayewaambia vijana wote wa hapa Ukata kwamba juu hakuna mtu!

Nikasema, "Mama, siongei na nisiyemwona."

Akajibu, "Baba yako humwoni, na mpaka leo unamgombania."

Tobi, nikapiga magoti. Mbele ya katekista yuleyule! Nikasema, "Kama upo, usimchukue mama." Nikakwama hapo.

Nimetoka nje, nimejifanya nakohoa. Mama ananisubiri nimalizie. Wewe ulisoma seminari, baada ya hapo husemwa nini?

Andika haraka, bado anapumua.