Makala Yaliyomngoja Marehemu

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua barua pepe kabla ya chai. Hakuna kitu. Matangazo ya makongamano ambayo siwezi kwenda, basi. Consolata amepita na sufuria yake akauliza, "Na huyo mume wako jarida amesema nini leo?" Dada yangu huyu ana mdomo. Nimemwambia aende akafungue kibanda chake cha mboga aniache.

Tangu Mei mwaka jana nangoja. Daktari Barasa ndiye aliyetuma makala yetu, akiwa kitandani kwake Bungoma, tarakilishi imewekwa juu ya mto. Idara yetu ndivyo ifanyavyo: mwanafunzi anaandika, msimamizi anatuma. Akaunti yake, anwani yake, yeye ndiye mwandishi wa mawasiliano, anayeandikiwa na jarida. Mwezi haukuisha tukamzika. Majarida ya hisabati huchelewa, hilo kila mtu analijua. Basi nangoja.

Ila sasa chuo kimeandika. Lazima niwe na makala yaliyokubaliwa kufikia tarehe thelathini Aprili, la sivyo usajili wangu wa uzamifu unafutwa. Miaka yote hii ya kufundisha mchana na kukokotoa jioni. Yote.

Kidato cha pili leo hawakufanya zoezi. Nimewafokea kuliko walivyostahili.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeliandikia jarida kuuliza. Nilikuwa naogopa, wacha niseme ukweli. Daktari alikuwa akisema mhariri hasukumwi kama toroli. Nimeandika mistari minne, nikaifuta, nikaiandika tena vilevile. Nimetuma.

Mvua jioni, ya kwanza ya maana. Tuwan nzima, mtaa wetu huu wa Kitale, inazungumza mbegu na mbolea. Makala yetu ni hayo hayo: viwavijeshi wanavyohama kutoka shamba la aliyepanda mapema kwenda la jirani aliyechelewa. Milinganyo minne. Tulithibitisha kwamba majirani wakipanda kwa pamoja, viwavi hupungua mpaka kuisha. Mtu asiyejua hisabati atasema hilo liko wazi. Haliko wazi hata kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Wamejibu.

Makala yalisomwa. Wahakiki wote wawili waliyapenda. Uamuzi ulitoka Oktoba: yatakubaliwa, yafanyiwe marekebisho madogo, yarudishwe kabla ya Desemba kwisha. Uamuzi ukatumwa kwa mwandishi wa mawasiliano. Wakamkumbusha, wakamkumbusha tena. Hakujibu. Wakafunga faili.

Hakujibu. Angejibuje, jamani? Yuko chini ya udongo!

Nimelia mpaka Consolata akadhani kuna msiba mwingine. Mjinga ni mimi. Kwa nini sikuwaandikia mapema kwamba amefariki? Kwa sababu sikutaka kuiandika hiyo sentensi. Hakuna sababu nyingine. Kila nikianza, nikaona afadhali kesho.

Wanasema faili inaweza kufunguliwa ikiwa mwandishi wa mawasiliano atabadilishwa. Kumbadilisha, waandishi wote wakubali kwa maandishi. Tuko wawili. Kama mmoja ni marehemu, nitume nakala ya cheti cha kifo. Hata maoni ya wahakiki hawanipi kabla ya hapo.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani nilikuwa mwili tu. Nikampigia Mama Tabitha, mjane wa Daktari. Nikamwambia nina jambo. Amesema njoo Jumamosi, mwanangu, unajua njia.

Jumamosi, 15 Machi

Bungoma. Nimerudi nikiwa nimevunjika.

Mama Tabitha amenichinjia kuku. Sikustahili heshima hiyo na nimeona aibu, kwa maana nilikuja na shida, si salamu. Cheti hana yeye. Kiko kwa Mzee Simiyu, kaka mkubwa wa marehemu, anayefuatilia malipo ya kustaafu. Mzee akaitwa. Akaja, akakaa, akanisikiliza mpaka mwisho.

Nilieleza vibaya. Utaelezaje? Ati kuna kitabu ng'ambo kinataka kuhakikisha Barasa amekufa. Mzee akauliza hao watu wa ng'ambo wanamjua ndugu yake kwa nini, na karatasi yake wataifanyia nini. Maswali mazuri.

Kisha akasema, "Madam, siku ya kunyoa nywele si ulikuwa hapa? Watu walisimama wakasema wanachodai. Wewe ulinyamaza. Sasa unadai nini?"

Ni kweli. Baada ya mazishi, watu wakinyolewa, mwenye dai lolote kwa marehemu husimama mbele ya ukoo akalitaja. Wa ng'ombe alisimama. Wa shamba la kukodi alisimama. Mimi nilikaa kwa wanawake nikipepeta mchele. Haikunijia akilini kwamba milinganyo ni dai. Ningesimama niseme nini? Na siku hiyo ikipita, imepita. Anayekuja baadaye anaonekana mwizi.

Nikajaribu kusema si dai la mali. Mzee akaniangalia. "Wewe ndiye ulikuwa unakuja hapa kila Jumamosi na makaratasi." Hivyo tu. Mama Tabitha akawa anaangalia kikombe chake.

Kuku nikamwacha sahanini.

Jumanne, 18 Machi

Hasira. Nimekuwa nikijibizana na Mzee Simiyu kichwani tangu Jumamosi, hata nikiandika ubaoni. Nilikuwa nakuja, ndiyo! Kwa sababu ya sehemu ya nne ya makala! Mtu anaumwa, anashindwa kula uji, na bado ananiambia ile fomula yangu ni mbovu, niletee kalamu. Hayo ndiyo mapenzi yaliyokuwa pale.

Na Mama Tabitha siku zote hizo aliketi palepale akifuma vitambaa. Mbele ya Mzee angesema neno moja. Hakusema.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeomba ruhusa shuleni, nimekwenda tena Bungoma, idarani. Mwenyekiti wa idara alinikaribisha vizuri. Si mtu mbaya. Siku ya mazishi alibeba jeneza.

Amenisikiliza akicheka kidogo kwa huruma. "Madam, marehemu hapandishwi cheo. Toa jina lake, weka langu niwe wa mawasiliano. Tunayapeleka kwingine, kuna jarida linajibu kwa wiki moja. Aprili haijaisha una cheti cha kukubaliwa. Si unataka kumaliza?"

Nimemuuliza kama hiyo ni sawa. Akasema shukrani za marehemu zinawekwa mwishoni, kwa herufi za mlazo, inapendeza.

Nataka kumaliza. Mungu anajua ninavyotaka kumaliza.

Jumapili, 23 Machi

Nimelitoa jina.

Nimefungua makala, nikalifuta, nikaweka la Mwenyekiti. Nikajaza kila kitu kwenye tovuti ya hilo jarida la wiki moja. Kimebaki kitufe cha kutuma. Kabla ya kutuma nikayapitia mara ya mwisho, kama nilivyofundishwa.

Sehemu ya nne. Uthibitisho ule ni wake. Mimi niliuandika kwa mashine, lakini mawazo ni yake, kuanzia ile fomula aliyoibuni kitandani. Nikitoa jina, nitoe na uthibitisho. Nikitoa uthibitisho, hakuna makala. Kuna michoro ya viwavi tu.

Sikutuma. Wala sikufuta. Nimefunga mashine nikaenda kufua.

Jumatano, 2 Aprili

Consolata amejua, na amenivaa. "Tuma! Tuma leo! Ataamka akushukuru?" Nimemwambia haelewi. Akasema anaelewa sana, anaelewa mtu anayejinyonga kwa adabu. Hajanisemesha tangu jana. Ameniachia ugali mezani bila mboga, yeye mwenye kibanda cha mboga. Nimekula hivyo hivyo.

Mbaya zaidi ni kwamba anasema kweli.

Jioni nikampigia Mama Tabitha. Si kuomba cheti. Nilimwambia nimeambiwa nitoe jina la Daktari ili nimalize, na kwamba nikifanya hivyo nataka asikie kutoka kwangu, asije akasikia sokoni. Akauliza, "Jina gani? La Barasa?" Nikasema ndiyo. Akakata simu.

Basi. Huyo naye nimempoteza.

Ijumaa, 11 Aprili

Picha imeingia kwenye simu nikiwa nasahihisha mitihani. Cheti cha kifo, kimetandazwa juu ya kitambaa cha meza, kidole cha Mama Tabitha kimekishikilia pembeni kisijikunje. Chini ameandika: Mzee ameenda Webuye. Usitoe.

Nimeketi nayo kwanza. Ameingia kwenye sanduku la shemeji yake, mama yule, mjane, katika boma ambamo bado anaishi kwa ridhaa yao. Kama Mzee akijua sijui itakuwaje. Nami nilimlaumu kwa kuangalia kikombe.

Nimekituma kwa jarida. Kisha nikaenda kwenye ile tovuti nyingine nikafuta kila kitu. Nimemwandikia Mwenyekiti ujumbe wa heshima. Hajajibu.

Jumatatu, 14 Aprili

Jarida wamefungua faili. Wametoa pole, sentensi moja nzuri. Maoni ya wahakiki nimeyapata hatimaye. Madogo kweli. Wa kwanza anataka mchoro wa tatu uchorwe upya. Wa pili anauliza, katika sehemu ya nne, kwa nini ile namba lazima iwe kubwa kuliko sifuri.

Swali hilo nilimuuliza Daktari mimi mwenyewe. Alinicheka, kisha akanionyesha kwa mistari sita. Ninayo kichwani. Shule zimefungwa, nina muda. Consolata ameniona nimekalia kazi, akaniletea chai. Tumepatana, nadhani.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nimetuma marekebisho. Safari hii kwa akaunti yangu, kwa mkono wangu.

Mfumo unasema: kwa mhariri. Mhariri naye ana Pasaka yake.

Jumatano, 30 Aprili

Kwa mhariri. Kwa mhariri. Kwa mhariri. Nimefungua ukurasa huo mpaka nikachukia rangi yake.

Nimekwenda chuoni kuomba wiki moja tu. Nimewaonyesha barua ya Oktoba: wahakiki wamependa, kilichobaki ni kidogo. Kijana wa ofisi ya uzamifu ameisoma yote, amesikitika kweli. Amesema "yatakubaliwa" si "yamekubaliwa," na saa kumi na moja mfumo unafunga wenyewe, hata yeye haugusi. Nimegonga mlango wa Mwenyekiti. Yuko mkutanoni. Nimesikia sauti yake ndani.

Nimeketi kwenye ngazi mpaka saa kumi na moja ikapita. Wanafunzi walikuwa wakiniamkia, shikamoo madam.

Ijumaa, 2 Mei

Nimefutwa. Barua ni aya moja.

Jumatano, 7 Mei

Yamekubaliwa.

Nimecheka. Nimecheka hadi Consolata akaja mbio akiwa na kisu cha kukatia sukuma wiki. Nikamwonyesha. Akaketi chini na kisu chake mkononi, akasema, "Hawa watu ni wachawi." Kisha yeye ndiye akalia.

Nimepeleka habari chuoni. Wamenipongeza. Wanasema naweza kuomba nafasi upya, nianze mwaka wa kwanza kama wengine.

Jumamosi, 10 Mei

Nimempigia Mama Tabitha nikamwambia makala yamekubaliwa na jina la Daktari liko, tena la kwanza. Akauliza, "Na wewe umemaliza?" Nikasema ndiyo, Mama.

Sijui kwa nini nilidanganya. Najua.

Anasema Mzee hajajua kitu. Au amejua na amenyamaza. Anasema alimsikia akimwambia mgeni kwamba ndugu yake anasomwa ng'ambo.

Jumanne, 17 Juni

Kurasa za mwisho zimefika kwa ajili ya kusahihishwa kabla ya kuchapwa. Nimezisoma polepole, alama kwa alama. Kosa moja la nukta, ukurasa wa saba. Zinapendeza. Sehemu ya nne imekaa vizuri, hewa inapita kati ya mistari.

Kando ya jina la Daktari wameweka alama ndogo, na chini wameandika kwamba ni marehemu. Anwani yake ni chuo. Hiyo imebaki, alikufa akiwa wa kwao.

Kando ya jina langu pia waliweka chuo, na pembeni mchapishaji ameuliza kwa adabu: mwandishi bado yupo hapa? Nimelifuta jina la chuo. Nikajaribu kuacha wazi, fomu ikakataa. Sharti mwandishi awe wa mahali fulani. Nikaandika jina la shule yangu, nikalifuta. Mwalimu mkuu hajui hata ninachofanya.

Nje watu wanapalilia. Consolata ananiita nikamsaidie kufunga mafungu ya sukuma wiki.

Nimeandika: Tuwan, Kitale. Nimebonyeza, ikakubali.