Uzito wa Papa

Bukavu, mwezi wa tatu 2000

Aloys, mudogo wangu,

Barua yako ya Ubelgiji ilifika na ule abbé, padri mwenye alipitia Kigali. Nakujibia ku meza ya salon, niko peke yangu. Courant ya umeme imekatika, mvua inanyesha, na kuku mweupe ametaga chini ya kitanda yako.

Nilisoma tena na tena pahali unaeleza kazi yako: mu mufupa muko nyuzi zenye macho haione, zinajisuka zinakuwa tabaka, tabaka zinakuwa kitu ya matundu kama sponji, halafu njo inakuwa mufupa muzima. Na ordinateur, ile kompyuta yako, inapanda toka uzi mpaka juu, inakuambia mufupa itabeba uzito gani mbele ya kuvunjika. Niliwaelezea majirani. Walisema uko fundi.

Muguu ya Papa, baba yetu, yenye ilivunjika, ilipona muzuri. Aliacha fimbo yake ya kutembelea ku mulango, akaenda kutafuta maharagi ku soko ya Mudaka. Waaskari walikuwa mu njia. Fimbo ingali pale ku mulango.

Unajua, kwetu habari ingine haiandikwe mu barua. Tonton Constantin, mujomba wetu, atakupigia na simu ya paroisse, ya parokia. Usipokee ukiwa peke yako, tafazali. Mimi najua vile iko kupokea habari ya vile peke yako.

Uliniuliza kilo za Papa, juu uziweke mu ordinateur, uone kama ule mufupa utamubeba. Usiweke kitu, mudogo wangu. Ule mufupa haubebe tena mutu.

Dada yako,
Mapendo