Mstari wa Chini

Tarehe 14 Mei

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba kikohozi cha yule mdogo kimepungua. Sisi huku nyumbani tuko salama, salama ya watu waliofiwa. Chumba cha mama nimekifagia, ila nguo zake sijaweza kuzigusa.

Nimeona nikuandikie, maana ofisini kwako nikifungua mdomo unaangalia saa. Ujumbe wako umenifika, kwamba likizo ikiisha nitengeneze upya jedwali la marudio la tovuti ya magari ya kliniki yanayozunguka mikoani. Umenisifu kuwa lile la kwanza lilikuwa safi. Lilikuwa safi kweli. Nilichukua idadi ya walioifungua tovuti kwa wiki katika kila mkoa, nikaipanga kwa makundi, na kila mkoa nikauchorea kijiti kwenye kundi lake. Vinne vimesimama, cha tano kimevilalia. Kijiti chetu kilikaa mstari wa chini kabisa, wa mikoa isiyofika hamsini.

Utakumbuka nilikuja mezani kwako nikakwambia kompyuta inahesabu simu, haihesabu masikio. Nilikueleza kwamba mtaani kwetu simu inayofungua tovuti ni ile ya msusi, na msomaji ni mama. Kila Jumapili alikaa kwenye kibaraza cha msusi, miwani yake imefungwa uzi, akawasomea majirani gari litasimama wapi na lini. Siku aliitaja mara mbili kwa ajili ya fundi viatu, akimtania kwamba mtu aliyechelewa harusi yake mwenyewe hawezi kuaminiwa na Jumanne. Na mitaa mingine ya kwetu ni hivyo hivyo. Ulicheka, ukaniambia takwimu hazina mjomba, na ukianza kubeba wa kwenu watu watasema. Haikupita muda, mikoa yote ya mstari wa chini ikaondolewa gari.

Dawa za mama za presha zilikuja na gari lile. Mimi alinificha; kwenye simu alisema anazo tele. Vidonge vilivyobaki nimevikuta chini ya mto, vimekatwa nusu nusu kwa wembe. Makaburini ulisema ugonjwa ulimjia ghafla, watu wakaitikia, nami nikatazama miguu yangu.

Kaka, watu walipotawanyika msusi aliniita pembeni. Aliniambia tangazo la kuondoa gari lilitoka kwenye tovuti, na mama ndiye aliyelisoma kibarazani kama kawaida yake. Alilisoma lote, polepole, mpaka chini palipokuwa na jina lako na cheo chako. Hapo akaishia bila kulitaja. Fundi viatu akauliza ni bwana gani huyo aliyeamua, ili amtumie salamu zake. Mama akavua miwani, akasema hawakuandika jina. Msusi alikuwa nyuma yake na jina ameliona; akaichukua simu yake akaizima. Tangu siku hiyo mama hakusoma tena, na mitaa mingine nayo, bila gari la kungojea, ikaacha kuifungua tovuti. Alisingizia macho.

Mimi hakuniambia, na wewe hakukuuliza. Nami nilikusudia kukaa kimya kama yeye. Lakini sasa umeniagiza niufute mkoa wetu kwenye jedwali jipya, eti wiki zote mkoa huo umeleta sifuri na unaharibu sura ya kazi. Sifuri hiyo ni mama, Kaka. Sitaifuta.

Fundi viatu anatumia dawa zilezile, na kila akiniona anauliza kama gari litarudi. Ukilirudisha, tangazo la kurudi kwake nitalisoma mimi kibarazani, pamoja na jina lako. Usipolirudisha, nitawasomea tena lile la kwanza, na safari hii mpaka mwisho.

Msalimie sana wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anawapenda. Nami, kwa yote haya, naomba unikumbuke.

Ni mimi mdogo wako.