Shaba, Klorini na Nywele Zangu za Kijani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Bi Mapazia (ndivyo anavyojulikana, na ndivyo alivyotaka aandikwe)
Umri: Miaka 69
Kazi: Fundi wa mapazia
Makazi: Kwa mwanawe mkubwa, nyumba yenye geti la bluu karibu na tangi la maji
Kuhusu: Tuhuma ya kutia sumu katika bwawa la kuogelea la nyumbani

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Natoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu na afya njema, ila nywele ndizo hizo unazoziona, Afande. Nilikuambia ucheke kwanza umalize ndipo tuandike. Umecheka, sasa tuendelee.

Nina watoto wawili, wote wa kiume. Mkubwa ni fundi wa lifti, na ndiye ninayeishi kwake pamoja na mkewe na wajukuu. Mdogo, kitinda mimba wangu, ana duka la dawa za kusafishia maji mtaa wa pili. Ndiye mliyemweka mahabusu. Wamenyonya ziwa moja, lakini tangu utotoni wakipewa kitanda kimoja watabishana kichwa kilale upande gani.

Nyuma ya nyumba yetu kuna bwawa dogo la kuogelea. Mkubwa alilijenga baada ya daktari kusema kwamba magoti yangu yanataka mazoezi ya majini. Kila asubuhi naingia, natembea kutoka ukuta hadi ukuta. Tangu mwanzo, mdogo ndiye aliyekuwa akilitia klorini. Maji yalikuwa safi, hilo siwezi kulikana, ila macho yaliwasha, na vazi langu la kuogelea, nililolishona mwenyewe kwa kitambaa cha zambarau, lilipauka likawa kama tambara la jikoni.

Mwezi uliopita mkubwa alileta mashine ya shaba. Ni kisanduku chenye vipande viwili vya shaba. Umeme kidogo ukipita, vipande vinaachia chembe majini, ndogo hata huzioni, na hizo ndizo zinazoua utelezi wa kijani unaoota kwenye kuta. Mkubwa akaniambia, "Mama, kuanzia leo hutanuka dawa tena. Klorini basi, hata punje."

Mdogo alikuwepo. Akasema, "Kwa hiyo, kaka, dawa yangu leo imekuwa sumu?"

"Sijasema hivyo. Nimesema basi."

Mdogo akabeba ndoo yake akaondoka, chai yake akaiacha mezani inafuka moshi.

Nataka iandikwe kwamba mashine ile ni nzuri. Maji yalikuwa laini na macho yalipona. Lakini mdogo hakukanyaga tena kwetu, nami nikawa natembea majini bila mtu wa kunitania. Wajukuu wakawabandika majina. Baba yao akawa Shaba, na baba yao mdogo akawa Klorini. Tulicheka, lakini mezani kulikuwa na kiti kitupu.

Jana Jumapili mjukuu wangu wa kike alitimiza miaka saba. Watoto wa mtaa mzima walijaa bwawani kama maharage chunguni. Mdogo alikuja kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili ya kaka yake. Majira ya saa kumi jioni watoto walitoka, na mkubwa akawapakia garini kuwarudisha makwao. Maji yalikuwa na ukungu. Mdogo akachota kidogo kwa glasi, akayatazama juani.

Akasema, "Mama, shaba inaua vijidudu, lakini haina haraka. Watoto wote hawa wameshinda humu, na wengine bado hawajui kubana mkojo. Kesho asubuhi unaingia wewe. Niruhusu nitie klorini kidogo."

Nikamwambia, "Tia."

Alikwenda dukani kwake akarudi na ndoo, akapima kwa kikombe mbele ya macho yangu, akamwaga akilizunguka bwawa. Hakujificha. Jirani yetu wa ghorofani, ambaye dirisha lake linatazama kwetu, alimwona, na tulimpungia mkono.

Nililokuja kulijua baadaye ni hili. Mkubwa aliporudi, naye aliuona ule ukungu. Bila kumuuliza mtu, akazungusha swichi ya mashine mpaka mwisho. Hivyo kila mmoja alilitibu bwawa lile lile kwa dawa yake, na hawakuwa wakisemeshana.

Leo Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, niliingia majini kama kawaida. Nilipotoka, mkwe wangu alikuwa ananiletea taulo. Likamdondoka.

"Mama! Kichwa chako!"

Nilidhani nyigu ametua. Nikajipiga kofi kichwani, hamna kitu. Nikaenda kwenye kioo cha sebuleni. Nywele zangu nyeupe zote zilikuwa kijani. Nimeshona mapazia zaidi ya nusu ya maisha yangu, na rangi ile naijua vizuri, hupendwa sana na ofisi za serikali.

Mkwe wangu akapiga kelele kwamba nimetiwa sumu. Simlaumu, ananipenda. Jirani alisikia akapiga simu kituoni. Askari wawili walipofika, mdogo naye alikuwa ameshaitwa, amekuja mbio, shati amelifunga vifungo kombo. Askari akauliza, "Nani alitia kitu humu jana?"

Mdogo akasema, "Mimi." Jirani akadakia kutoka dirishani, "Kweli kabisa, nilimwona na ndoo!"

Wakamfunga pingu. Mdogo akamtazama kaka yake. Kaka yake akatazama chini.

Sikulia, Afande. Nilikwenda kuvaa nguo kavu.

Kisha nikamwambia mkubwa anilete hapa. Tuliposimama kwenye taa nyekundu, akanitazama kichwani kwa muda mrefu, mpaka wa nyuma wakatupigia honi.

"Mama, hiyo rangi naiona kila siku kwenye nyaya kuukuu. Hiyo ni shaba."

"Ulijua tangu nyumbani?"

"Nilijua."

"Basi mbona ulinyamaza?"

Akasema, "Nilitaka awe yeye." Akageuza gari.

Tulirudi nyumbani. Alichota maji ya bwawa kwenye chupa, akachukua na vidonge vya kupimia alivyokuwa ameviacha mdogo wake. Tulipofika, alipima hapa hapa kaunta mbele yako, ukaona mwenyewe maji yalivyogeuka rangi. Shaba ilikuwa imezidi mno. Akakuambia, "Afande, niandike mimi. Mashine ni yangu na ni mimi niliyeifungua mpaka mwisho."

Huko ndani mdogo akamsikia, akapaza sauti, "Usimwandike peke yake! Klorini yangu ndiyo iliyoikoleza ikashika kwenye nywele!"

Hapo ndipo machozi yalinitoka, ukanipa karatasi. Siku zote watoto wangu wamegombea sifa. Leo ndiyo mara ya kwanza nawasikia wakigombea kosa.

Muuguzi wa zahanati iliyo ng'ambo ya barabara amenikagua, sina dhara lolote. Hakuna aliyenitilia sumu. Kitambaa hakishiki rangi vizuri bila dawa ya kukoleza, na nywele zangu zimetendewa hivyo hivyo. Naomba mwanangu aachiwe. Bwawa litatumia shaba kwa siku zote na klorini kidogo watu wakizidi, na watalipima wote wawili, wamesimama pamoja. Huo si ushahidi, ni amri ya mama, lakini andika tu.

Nimemaliza. Nimeyasema kama yalivyokuwa, sikupunguza wala kutia chumvi.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA AFISA

Nimemsomea shahidi maelezo yake, akayakubali kuwa sahihi. Mtuhumiwa hana kesi ya kujibu na ataachiwa mara mkuu wa kituo atakapotia sahihi. Kaka yake aliomba aingie mahabusu akae naye wakati wa kusubiri. Nilimkatalia, kwa kuwa hana kosa. Akakaa sakafuni upande wa nje wa mlango, mgongo kwenye nondo, na mdogo wake akakaa upande wa ndani, mgongo kwa mgongo. Ninapoandika haya nawasikia wakibishana juu ya vipimo. Nimewaonya mara mbili wapunguze sauti. Hawasikii, wanacheka.