Atome Hazina Masikio

Kibati, baada ya misa ya Jumapili

Yaya Célestin, kaka yangu mukubwa,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa heshima zote zinazostahili, ninakutangazia rasmi kifo cha jogoo wa Mama. Alihukumiwa kwa kosa la kuwika, akaliwa na hakimu wake, chef wa avenue, mukubwa wa mutaa wetu, pamoja na sombe ya majani ya muhogo. Familia haikuonjeshwa hata muchuzi.

Kisha tangazo hilo, nakusalimia sana. Huko Bunia munaamukaje? Mama-watoto, watoto, na ule mugongo wako? Sisi tuko, Mungu anatushika. Mama Léoncie anakula kidogo, anasali sana, na hasemi na Byiringiro, chef wetu, hata wakikutana kwenye mulango wa kanisa. Barua hii nimemupa Mirindi, anayesafiri kuja huko, akuletee kwa mukono, juu Mama anasikiliza sauti zote za WhatsApp ya familia, na haya sitaki ayasikie kabla yako.

Siku ya kilio cha Papa, baba yetu, uliniuliza kwa simu mbona husikii nyimbo, nikakujibu ni réseau, mutandao ni mubaya. Haikuwa réseau. Nyimbo hazikuwako. Papa, aliyeongoza korale, kwaya ya kanisa ya Kibati, mpaka mvi zikamujaa, tulimulilia kama watu waliojificha. Wamama walijiziba midomo na vitenge. Shangazi Léocadie, aliyetoka Masisi kwa ajili ya kumuimbia kaka yake, alipoanza tu ubeti mulangoni, Byiringiro alikuja mbio, kidole mudomoni, akamuambia pole sana mama, uchungu wako tunauelewa, lakini atome zinasumbuka. Shangazi akauliza huyo Atome ni mutoto wa nani, na kama ni mugonjwa mbona hawamupeleki hospitali. Hakuna aliyecheka. Kucheka pia kulikatazwa.

Uko mbali, acha nikueleze. Nyuma ya lupango, kiwanja cha nyumba yetu, kwenye mawe meusi ya volcan, watu wa mradi fulani walijenga kibanda cha mbao kisicho na musumari hata mumoja wa chuma. Ndani waliweka mashine ya kuchungulia tumbo la Nyiragongo, mulima wetu wa moto. Madame Clarisse, ingénieur aliyetoka Kinshasa, asiyejua Kiswahili, aliita watu kwenye mukutano akasema kwa Kifaransa kwamba mashine inaogopa « bruit ». Kwa Kiswahili likatoka neno « makelele ». Tangu siku hiyo watoto wakaacha mupira, ngoma za kanisa zikafungiwa sakristia, na habari ya jogoo unaijua.

Mimi ninatengeneza radio zilizoharibika, kule Majengo. Sikusomea, lakini ninajua bruit inaweza kuwa kitu kisichofika kwenye sikio. Kwa hiyo Madame alipokuja kuona kibanda chake, nilimufuata nikamuuliza kwa Kifaransa ni mashine ya namna gani inayomunyima marehemu wimbo wake. Alinitazama kama mutu aliyeulizwa bei ya samaki kanisani. Kisha akanieleza, nami ninakueleza nilivyoelewa.

Katika chupa ndogo muna muvuke wa metali inayoitwa césium. Mwanga wa taa maalum unapiga atome zake, chembe zake ndogo kabisa, mpaka zote zinatazama upande mumoja, kama wanafunzi mbele ya bendera. Kila moja ni kama toupie ya watoto inayozunguka, na nguvu ya sumaku ya dunia inaiyumbisha kwa mupigo wake. Mashine inahesabu ule mupigo. Moto ukisogea chini ya mulima, mupigo unabadilika kidogo, tunajua kukimbia. Lakini kukipita chuma karibu, ao courant ya umeme, ile nguvu ya sumaku inatetemeka. Atome zinapoteza mupigo, mustari unavunjika, na hakuna anayejua tena kama ni volcan ao ni tshukudu, kigari chetu cha mbao, imebeba vyuma vya kujengea. Hiyo ndiyo bruit. Atome hazina masikio, akasema. Tungeimba mpaka sauti zikauke.

Sasa sikia hii ukasirike na mimi. Siku za kilio tulivuta waya ya courant kwa jirani, tukaipitisha juu ya kibanda chao, kwa sababu courant haipigi makelele. Byiringiro mwenyewe alishika ngazi! Mujane alikatazwa kulia, waya ikakaribishwa.

Nilienda kwa Byiringiro sijanawa uso. Mbele ya watu nilimuita chef wa ukimya, mula-jogoo, mutu wa masikio makubwa na akili ya kiberiti. Nikaapa kwamba siku ya kutosha kilio, kumaliza matanga, nitasimama niambie avenue nzima nani alimufunga Papa mudomo. Aliniacha nimalize. Kisha akanivuta nyuma ya jikoni, akaniuliza, kwa ile sauti ya chini aliyokwisha kuizoea, kama nilikuwa kwenye ule mukutano wa Madame. Nikajibu hapana, nilikuwa Majengo.

Yaya, aliyetafsiri ni Papa. Alisimama na koti lake la korale, akapangusa miwani, akasema makelele. Wakamuuliza hata nyimbo? Akajibu nyimbo ndiyo ya kwanza, hamujui sauti zetu za besi zinafika wapi. Ngoma alizifunga yeye mwenyewe. Byiringiro anasema marehemu hasahihishwi mbele ya mujane, afazali Mama amuchukie yeye. Kuhusu jogoo, amekubali, hiyo ilikuwa hamu yake tu.

Basi hasira yangu haina tena mutu wa kumukalia. Ninamukasirikia Papa, naye amelala zake. Kifaransa chake kile, na vile alivyokipenda!

Mama amesema kwa kuwa Papa alienda kimya, kilio kitatoshwa kimya. Mimi sikubali, lazima aimbiwe. Ninataka kumuambia Mama kwamba Madame amebadilisha mashine, hii mupya inavumilia nyimbo. Lakini Byiringiro atabaki amechukiwa bure. Wewe ndiye mukubwa, niambie: tumuambie Mama ukweli ao hapana?

Shangazi anakusalimia, anauliza kama Atome amepona. Ukumbatie watoto wote kwa niaba yetu.

Mudogo wako,
Viateur

N.B. Jana Madame alifungua kibanda. Batri iliibwa kabla Papa hajagonjwa. Mashine ilikuwa imezimika siku zote za kilio.