Kabla Hujanunua, Muulize Mama wa Boma

Naserian mjukuu wangu, sopa. Huku Kitengela niko peke yangu na mbuzi wawili. Majirani wapya hufunga mageti mapema.

Unauliza utajuaje ploti iko salama. Hati kagua, lakini ngoja nikuungamie jambo. Nikiwa kidato cha pili, baba aliuza shamba letu. Kule Kajiado, bodi ya ardhi ilimuuliza mama kwa Kiswahili kama amekubali. Yeye alijua Kimaa pekee, nami ndiye niliyemtafsiria. "Wanasemaje, mtoto wangu?" Nikaogopa macho ya baba. "Wanauliza kama uko na afya." Akatabasamu, akaitikia kwa kichwa, nao wakaandika kwamba amekubali.

Mnunuzi alikuja na hati safi, akamkuta mama ameketi mlangoni, hatoki.

Kwa hivyo nenda bomani kwa muuzaji, umuulize mama wa hapo mwenyewe, kwa lugha yake. Wangu hakuniomba tena nimsemee.

Kokoo, nyanya yako